Uzi wa kufungia 2024: jambo gani dogo liliangusha, lilisimamisha au lilibeba kubwa?

#1 KauntaBuku (mleta mada)

Wakuu, heri ya mwaka mpya wa 2025.

Tangu nikiwa sekondari nina kaunta buku ninayoandika vihabari vya mwaka. Siandiki nani kateuliwa na nani katenguliwa, hayo yana watu wake. Naandika vile vidogo ambavyo baada ya miaka mitano ukimkumbusha mtu anakubishia kwamba havikutokea. Misiba ya 2024 tumeililia kwenye nyuzi zake, hapa naomba tupumue kidogo.

Jana usiku nimeipitia yote nikagundua kurasa nyingi zinasimulia jambo lilelile: kitu kidogo kimesumbua kitu kikubwa. (Sisemi "kitu kidogo" kile cha barabarani.)

Dai langu ni hili: habari ya mwaka ni bundi na ngedere wa SGR, reli yetu mpya ya umeme. Safari za Dar–Morogoro zilianza Juni 14, za Dodoma Julai 25. Siku chache kabla ya Rais kuizindua rasmi Agosti 1, umeme wa reli ukaleta hitilafu, treni ikasimama, na TRC, Shirika la Reli, wakatoa taarifa kwamba waliosababisha ni ngedere na bundi. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa imesimamishwa na ndege anayelala mchana!

Leteni za kwenu. Anayebisha abishe kwa hoja.

#2 Tikiti Maji

Siti ya mbele. Naweka kambi.

#3 Binti Mbwamaji

Heri ya mwaka mkuu. Mimi nakubali habari, sikubali unavyoichukulia. Huku kwetu pwani bundi si ndege wa kutajwa hivihivi. Akilia juu ya paa usiku, bibi yangu alikuwa anaamka, anatupa chumvi motoni, halafu hasemi na mtu mpaka asubuhi. Leo bundi anatua kwenye reli ya nchi, wiki ya uzinduzi, na nyinyi mnacheka.

#4 FundiVolti

Dada #3, chumvi haihusiki. Nimefanya kazi za laini kubwa miaka kumi na moja, nikueleze.

Waya wa juu wa SGR una volti 25,000. Ndege akitua juu ya waya mmoja hapati kitu, maana umeme hauna pa kwenda. Ndiyo maana unawaona mbayuwayu wamejipanga pale kama wako kwenye foleni ya unga. Kasheshe inaanza pale anapogusa vitu viwili kwa mpigo: waya wenye moto, na chuma cha nguzo kilichoshikana na ardhi. Katikati yao kuna vile vikombe vinavyoshikilia waya. Shomoro hawezi kuruka umbali wa kikombe kwa mwili wake. Bundi mkubwa akitandaza mabawa, anafika.

Ngedere ndiyo kabisa. Mikono mirefu, mkia mrefu, hatulii.

Na kitu ambacho watu hawakisemi: bundi hakuua umeme. Mtambo wa ulinzi ndio uliokata, ili waya na treni visiungue. Ulifanya kazi yake.

#5 Mkulima wa Kimamba

#4 umeeleza vizuri lakini hujasema kwa nini bundi alikwenda pale. Mimi nalima Kilosa, reli inapita jirani. Bundi anataka sehemu ndefu iliyo wazi aangalie panya chini. Miti tumekata sote, wao wakaleta nguzo. Hapo unategemea akae wapi?

Halafu bundi ni rafiki wa mkulima. Ghala langu lenye bundi juu ya mwembe halina panya. Jirani aliyemfukuza wake kwa mawe mahindi yalitobolewa mpaka Februari.

#6 Mstaarabu wa Mvomero

Samahani wakuu, naomba tuanze na lugha. Ni ngedere au tumbili? Nilivyolelewa mimi, tumbili ni yule wa kijivu mwenye uso mweusi, anayeiba mahindi. Ngedere ni mweusi, mdogo. Kima ni wa msituni. Nyani ndiye yule mwenye domo kama mbwa. Taarifa inaposema ngedere, je, walimwona au ni jina tu la kila anayeruka?

#7 Mkulima wa Kimamba

Ukifika shambani kwangu anayekula mahindi anaitwa mwizi. Hayo mengine yana watu wa mjini.

#8 Mwana wa Nzaui

Hamjambo majirani. Msione kama mmeanza nyinyi. Sisi Kenya tulifanyiwa na tumbili mwaka 2016, Juni 7. Alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, megawati 180 zikapotea kwa mpigo, mitambo mingine ikazidiwa na nchi yote ikawa giza. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ndio waliotoa habari, na picha ya huyo tumbili wakaiweka. Alipona! KWS, shirika la wanyamapori, wakaja wakamchukua.

Kwa hivyo #6, kule ilikuwa tumbili, hakuna ubishi, picha ilikuwepo.

#9 KauntaBuku

#8 karibu sana. Hiyo ya 2016 ninayo kwenye buku ya mwaka huo. Kwa hiyo bundi wetu na tumbili wenu wanalingana, ila wetu walikuwa wawili.

#10 Mkeka Hauchaniki

Mleta mada nakuheshimu, lakini bundi ni wa tatu au wa nne. Jambo dogo la mwaka ni bao la Simon Msuva dakika ya 11 dhidi ya Zambia, AFCON, Januari 21, San Pédro. Nawaambia bila kupepesa macho: lile bao ndilo lililowapa Ivory Coast ubingwa wa Afrika.

Msicheke. Fuateni hesabu.

Ivory Coast, wenyeji, walimaliza makundi na pointi 3: walimfunga Guinea-Bissau 2-0, wakafungwa na Nigeria 1-0, wakapigwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwao. Tofauti yao ya mabao ni hasi tatu. Kocha Gasset akaondoka wakati mashindano hayajaisha. Wakakaa siku mbili wanasubiri matokeo ya wengine, maana walikuwa wa tatu kwenye kundi, na wa tatu waliofuzu ni wanne tu kati ya sita.

Sasa njoo kundi letu. Morocco 7, DR Congo 3, Zambia 2, sisi 2. Zambia akawa wa tatu na pointi 2, Ghana naye wa tatu kundi lake na pointi 2. Hao wawili wakabaki nje, Ivory Coast akaingia wa mwisho kwa mlango wa uani.

Toa bao la Msuva. Zambia anatushinda 1-0 kwa lile la Patson Daka la dakika ya 88. Zambia anakuwa na pointi 4, anakuwa wa pili. Congo anashuka wa tatu na pointi zake 3, tofauti ya mabao sifuri. Kwenye jedwali la wa tatu unapata Guinea 4, Namibia 4, Congo 3 mabao sifuri, Mauritania 3 mabao hasi moja, Ivory Coast 3 mabao hasi tatu. Wanaingia wanne. Nani anabaki nje?

Februari 11 wakamfunga Nigeria 2-1 fainali wakabeba kombe. Nasema Msuva adaiwe medali.

#11 Tikiti Maji

Nimechukua kalamu nimeihakikisha. Jamaa yuko sahihi!!! Naomba maji.

#12 Mzee wa Magomeni

Kijana #10 hesabu ni safi, mpira sio hivyo. Lile bao lisingekuwepo, mchezo wote ungekuwa mwingine. Zambia walibaki kumi kipindi cha kwanza baada ya Kabwe kupewa nyekundu, walikuwa wanakimbiza bao. Wangekuwa hawajafungwa wangecheza kwa kutulia, pengine Daka asingefunga. Na Congo angejua Zambia ana nne angecheza na sisi vile alivyocheza, sare ya bila bila? Umetoa tofali moja la chini ukategemea ukuta usimame vilevile.

Mimi naona aliyewabeba Ivory Coast ni Morocco aliyemfunga Zambia 1-0 siku ya mwisho. Wenyewe walijua, mitaa ya Abidjan walikuwa wanaishukuru Morocco.

#13 Mkeka Hauchaniki

Mzee shikamoo. Morocco alikuwa anatarajiwa kumfunga Zambia. Sisi hatukutarajiwa kufunga mtu. Ndiyo maana nasema dogo lililobeba kubwa.

#14 Mzee wa Magomeni

Marahaba. Hapo umenipata kidogo, lakini sijashuka.

#15 Mwana wa Nzaui

Mkitaka kidogo kilichobeba kubwa kwa michezo njooni Olimpiki ya Paris. Emmanuel Wanyonyi, mita 800, dakika 1:41.19. Marco Arop wa Kanada 1:41.20. Sehemu moja ya mia ya sekunde! Ukipepesa jicho umewapita wote wawili mara kadhaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga ya kibanda cha chai, hakuna aliyejua nani ameshinda mpaka jina litokee, mwenye chai akamwaga birika zima kwa furaha na hakudai mtu.

Halafu Faith Kipyegon mita 5,000: amekuwa wa pili, wakamwondoa kwa kusukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia, tukakata rufaa, fedha ikarudi usiku huohuo. Kenya medali 11, dhahabu nne.

#16 Kipusa wa Singida

Tanzania je? Si tulipata medali ya marathoni?

#17 Mzee wa Magomeni

Hapana binti. Simbu Paris alikuwa wa 17. Rio 2016 alikuwa wa tano. Medali za Olimpiki za nchi hii mpaka leo ni mbili, zote fedha, zote Moscow 1980: Filbert Bayi kuruka viunzi na maji mita 3,000, Suleiman Nyambui mita 5,000. Nilisikiliza redioni nikiwa na miaka kumi na minne.

#18 Mwana wa Nzaui

Heshima kwa Bayi. Huyo hata sisi tulifundishwa shuleni.

#19 Tikiti Maji

Botswana je? Tebogo amechukua dhahabu mita 200 kwa 19.46, rais wao akatangaza sikukuu siku nzima.

#20 KauntaBuku

#19 ilikuwa nusu siku, Ijumaa mchana, Agosti 9. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwa sababu nilipenda: dhahabu ya kwanza ya nchi yao, wakaambiwa waende nyumbani mchana wakashangilie.

#21 Nahodha Mstaafu

Salaam. Nyote mmesahau Mei 12. Intaneti ilipokata nchi nzima, na Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji wakaguswa pia. Hiyo ndiyo ya mwaka. Waya wenyewe wa chini ya bahari uliokatika, ukiutoa yale mavazi yake ya chuma na lami, nyuzi za kioo ndani ni nyembamba kama unywele.

Zilikatika mbili, EASSy na Seacom, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mimi nimekaa baharini miaka ishirini na nane. Kwa uzoefu wangu, waya mbili kwa wakati mmoja ni nanga. Meli inashusha nanga, upepo unaisukuma, nanga inaburuta chini kama jembe.

#22 Mdadisi wa Mikocheni

Mzee #21 nanga ni karibu na ufukwe, maji mafupi. Ukienda kina kirefu kinachokata ni mporomoko wa udongo chini ya bahari. Mito inamwaga tope kwenye mteremko, siku moja mlima mzima wa tope unashuka na kusomba kila kitu. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, mito ilijaa. Mimi naenda na tope.

#23 Nahodha Mstaafu

Tope linawezekana. Lakini Bahari ya Shamu mapema mwaka huohuo ilikuwa nanga. Meli ya Rubymar ilipigwa na Wahouthi wa Yemen, ikaelea siku kadhaa nanga ikiwa chini, na nyaya tatu zikakatika, mojawapo Seacom hiyohiyo. Hiyo hamuwezi kuinyima nanga.

#24 Mdadisi wa Mikocheni

Siinyimi. Nahisi sote wawili tunakaribia ukweli: kaskazini ilishakatika na nanga, kwa hiyo kusini ilipokatika hapakuwa na njia ya kupita. Waya mmoja usingetuumiza hivyo.

#25 Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Nyinyi mnazungumza nyaya, mie nna kisa.

Mei 12 ilikuwa Jumapili, Siku ya Mama. Mie niko Maskati mwaka wa tisa. Kila Jumapili nazungumza na mama, yuko Wete, kwa mtandao, tunaonana sura. Siku ile napiga, haendi. Meseji ya WhatsApp tiki moja. Nikangoja mpaka alasiri. Nikasema leo siku ya mama na mama sijamsikia, hapana. Nikaweka salio nikapiga simu ya kawaida.

Mama akapokea, hajasema hata "wa alaykum salaam". Kasema, "Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu, mama. Kasema, "Usinfiche mwanangu, sema tu, nimekaa kitako." Kumbe miaka tisa yote simu ya kawaida kutoka Arabuni kwetu inapigwa kwa msiba tu. Nikamwapia. Kamwita dada angu aje asikilize sauti yangu kama kweli niko sawa. Hapo nimeshakata dakika saba na riyali zinakwenda. Mwisho akacheka, kacheka mpaka akalia. Kaniambia, "Basi na wewe ungepiga kutwambia mapema kama utapiga."

#26 Binti Mbwamaji

"Nimekaa kitako." Yaani mama alishajiandaa kabisa. Mungu amweke.

#27 MamaWakala Mbagala

#25 umenikumbusha. Mimi nina kibanda cha miamala. Ile Jumapili watu wote wa simu kubwa wameshika vichwa, wangu wa kitochi wanakuja tu kama kawaida. Ukibonyeza nyota, namba, reli, menyu inakuja, maana ile haitumii intaneti, inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Kuna kijana mmoja anadharau sana kitochi cha mama yake. Siku ile alikuja kukiazima. Mama akamtoza mia mbili.

#28 Kipusa wa Singida

Hahaha mia mbili ya heshima.

#29 Mstaarabu wa Mvomero

Na Aprili 1 hamjaitaja. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka gridi ya taifa ilizima. Nilidhani luku imeisha. Nikanunua umeme wa elfu kumi, nikaingiza zile tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu, mita inapokea, taa haziwaki. Nikatuma kwenye kundi la ukoo: "Umeme umekatika nchi nzima." Shemeji akajibu: "Leo siku ya wajinga, hatudanganyiki." Kila aliyesema ukweli siku ile hakuaminiwa mpaka mchana.

Na mwezi uliotangulia, Machi, tuliambiwa baadhi ya mitambo ya maji imezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji, mvua nyingi na Bwawa la Nyerere limeanza kuzalisha.

#30 FundiVolti

#29 hivyo viwili havipingani, ingawa vinashangaza vikikaa karibu. Gridi haitaki pungufu wala ziada. Ni kama kubeba ndoo kichwani, kinachoangusha si uzito wa maji, ni kuyumba.

#31 Mwana wa Nzaui

Sasa niwaambie ya kwetu, mpya bado ina moto. Mimi ni wa Makueni. Tarehe 30 Desemba alasiri, kijiji cha Mukuku, imeanguka pete ya chuma kutoka mbinguni. Kipenyo mita mbili na nusu, kilo kama mia tano. Watu walisikia mlio, wakatoka, wakakuta kitu chekundu kwa joto kiko kichakani. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Juzi Shirika la Anga za Juu la Kenya limesema ni pete ya roketi, ile inayotenganisha sehemu moja na nyingine, na kwamba kwa kawaida huungua hewani au huanguka baharini.

Shangazi yangu anasema, kama kawaida yake ni baharini, Makueni kuna bahari gani?

#32 Tikiti Maji

Hiyo ni ya satelaiti, sio roketi.

#33 Mdadisi wa Mikocheni

#32 satelaiti gani ina pete ya nusu tani? Mimi nafikiri hata roketi wasiharakishe. Kitu kinachoshuka kutoka anga za juu kinafika kimeungua na kupinda. Picha nilizoziona bado ni duara zuri. Pengine ni kipande cha mtambo wa duniani hapahapa.

#34 Mwana wa Nzaui

Mtambo wa duniani umepandaje juu uanguke? Ndege ya kubeba pete Makueni ingeonekana.

#35 Mzee wa Magomeni

Msisahau majirani zetu si wageni wa roketi. Mwaka 1970, Desemba 12, Siku ya Jamhuri, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ya Wamarekani ilikuwa, ya kupima mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya kazi hiyo. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Huenda ni yenyewe imerudi nyumbani.

#36 KauntaBuku

Mzee hiyo ya Uhuru ni kweli tupu na nashukuru kuikumbusha, ila yenyewe ilishashuka hewani mwaka 1979. Sio hii pete. Ningependa sana iwe.

#37 Nahodha Mstaafu

Atakayejulikana ni mwenye mali alipe. Upo mkataba wa kimataifa wa 1972: nchi iliyorusha inawajibika kwa hasara ya kitu chake kikiangukia shamba la mtu. Hata kama hakikuvunja nyumba, kimeingia bila hodi.

#38 Kijana wa Kaitaba

Wakuu nimechelewa. Ndizi hamjaitaja??

Novemba, New York, ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi imeuzwa kwa mnada dola milioni 6.2. Ni zaidi ya shilingi bilioni 15. Ile ndizi ilinunuliwa asubuhi yake kwa muuza matunda wa mtaani kwa senti 35. Aliyeinunua, Justin Sun, mwenye utajiri wa sarafu za mtandaoni, akaila mbele ya waandishi Hong Kong.

Mimi ni Mhaya, nimelelewa kwenye mgomba. Kinachoniuma ni kwamba katika habari zote hizo hakuna hata mmoja aliyesema ni ndizi aina gani. Bilioni kumi na tano, hujui kama umekula kisukari au nini?

#39 Mkulima wa Kimamba

Hakununua ndizi, alinunua cheti na maelekezo ya jinsi ya kuibandika. Ndizi anatafuta mwenyewe, ikioza anaweka nyingine.

#40 Kijana wa Kaitaba

Basi cheti hicho kingeletwa Bukoba tungembandikia mkungu mzima.

#41 Kipusa wa Singida

Mimi langu ni mwezi wa pili. Oktoba niliona miezi miwili angani.

#42 Mdadisi wa Mikocheni

Dada, hukuuona. Kilikuwa kijiwe cha kama mita kumi, kinaitwa 2024 PT5, dunia ilikishika kwa muda kuanzia Septemba 29 mpaka Novemba 25. Hata darubini za kawaida hazikukiona. Waliokigundua walikuwa na darubini Afrika Kusini, Agosti.

#43 Kipusa wa Singida

Niliona kitu. Singida hakuna taa nyingi kama Mikocheni.

#44 MamaWakala Mbagala

Wakati mnabishana miezi niulize la maana. Jumatatu hii, Januari 6, 2025, Benki Kuu inaanza kubadilisha noti za zamani, mpaka Aprili 5 mwaka huuhuu. Ni zile za 1985 mpaka 2003: ishirini, mia mbili, elfu moja, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, na mia tano ya 2010.

Krismasi nilikuwa kijijini kwa bibi. Tumehamisha kabati, nyuma yake kuna kopo la maziwa ya unga, limefungwa na kitambaa cha kanga. Ndani kuna pini, kitambulisho cha babu, na noti tano za mia mbili zenye sura ya Mzee Mwinyi. Zimekunjwa mara nne, ukizifungua zinatoa vumbi la karafuu. Tumezikuta mwaka huohuo ambao Mzee Mwinyi alitutoka, tena Februari 29, tarehe ambayo haitarudi mpaka 2028. Bibi alizishika akanyamaza kidogo. Akasema, "Hizi babu yenu alinipa ninunue khanga, nikaona nitanunua kesho."

Sasa nizibadilishe au nimwachie? Ni shilingi elfu moja.

#45 Mzee wa Magomeni

Usiziguse binti.

#46 Mkeka Hauchaniki

Nauli tu ya kwenda benki na kurudi inazidi. Mwachie.

#47 Binti Mbwamaji

Mimi nasema badilisha moja. Mia mbili hiyo, ongeza yako, mnunulie khanga aliyosema atanunua kesho. Nne zibaki koponi.

#48 MamaWakala Mbagala

#47 umenitoa machozi hapa kibandani, wateja wanashangaa. Jumatatu nakwenda. Jina la khanga nalitafuta, leteni maneno.

#49 Mpemba wa Maskati

Maneno nnayo mengi, lakini ya khanga huchagua mwenyewe. Mpeleke dukani akachague.

#50 Mgeni Njoo

Habari wakuu, nimejiunga leo, nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo. Tumbili wa Kenya alipona, mmesema. Bundi wa SGR je? Au ngedere?

#51 FundiVolti

Volti 25,000, mgeni. Sijaona picha yao.

#52 Mkulima wa Kimamba

Kwenye mwembe wangu kuna mmoja amekuja Agosti. Ana manyoya yaliyoungua bawa la kushoto. Sisemi ndiye.

#53 KauntaBuku

Mkulima, piga picha. Nina ukurasa mmoja umebaki.